Wadudu wa kulishia vyura

Wadudu wa kulishia vyura ni wadudu wanaofugwa au kukamatwa wakiwa hai ili wawe chakula cha vyura wanaotunzwa na binadamu, iwe nyumbani, shuleni, katika maabara au katika bustani za wanyama. Pamoja na wadudu huhesabiwa pia wanyama wengine wadogo wasio na uti wa mgongo, kama vile nyungunyungu. Vyura wengi wanaofugwa hawafi kwa njaa. Hufa au hupata ulemavu kwa sababu ya chakula kisicho na madini ya kutosha, kilicho kikubwa mno, au kilichoguswa na sumu. Kwa spishi chache zilizokuwa zimebaki mikononi mwa binadamu peke yake, kama ilivyotokea kwa chura wa Kihansi wa Tanzania, kupata wadudu wanaofaa kulikuwa sehemu ya kazi ya kuzuia spishi nzima isitoweke duniani.

Kwa nini chakula kiwe hai

Viluwiluwi wa spishi nyingi hula mwani na mabaki ya mimea, lakini karibu vyura wote wakikomaa huwa wala nyama, na nyama yenyewe lazima isogee. Mwaka 1959 Jerome Lettvin, Humberto Maturana, Warren McCulloch na Walter Pitts walichapisha utafiti mashuhuri kuhusu jicho la chura. Walionyesha kwamba baadhi ya nyuzi za neva zitokazo katika jicho hilo hujibu hasa kitu kidogo cheusi kinachopita mbele yake. Kitu kilekile kikitulia, chura hakishughulikii. Ndiyo maana chura anaweza kukaa katikati ya nzi waliokufa akakonda hadi kufa.

Wapo wachache wasiofuata kanuni hii. Chura-kucha wa Afrika (Xenopus laevis), anayeishi majini maisha yake yote na asiye na ulimi, hutafuta chakula kwa harufu na kwa kuhisi mtikisiko wa maji, naye hula vidonge vya chakula bila taabu. Urahisi huo ni mojawapo ya sababu zilizomfanya awe mnyama wa kawaida wa maabara. Vyura wakubwa wenye tamaa, kama wale wa jenasi Pyxicephalus na Ceratophrys, huweza kuzoezwa kupokea chakula kinachotikiswa mbele yao kwa koleo. Waliobaki huhitaji mawindo hai.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba chura hatafuni. Meno yake, kama anayo, ni ya kushikilia tu, na vyura wa familia ya Bufonidae hawana kabisa. Hushika windo kwa ulimi, kisha hulisukuma kooni akisaidiwa na macho yake, ambayo huzama ndani ya kichwa anapomeza. Anayemtazama chura akila ataona macho yakifumba na kuingia ndani kila anapogugumia. Windo hufika tumboni likiwa zima, pamoja na miiba yake, taya zake na sumu yake. Hatari nyingi zinazoelezwa hapa chini hutokana na jambo hili moja.

Ukubwa wa windo

Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni kwamba mdudu asizidi urefu wa nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya chura. Si kanuni ya kisayansi kamili, lakini inafaa kwa sababu haihitaji kipimo chochote. Windo kubwa kupita kiasi huweza kuziba utumbo, hasa likiwa na ganda gumu, au kutapikwa baada ya saa kadhaa. Vyura wadogo hulishwa kila siku. Wazima wa spishi nyingi hutosheka kwa mara 2 au 3 kwa wiki, na wale wakubwa wasiotembea sana hata mara moja. Chura aliyepoa sana hasagi chakula vizuri, kwa hiyo haifai kumlisha katika chumba baridi kwa kudhani kwamba chakula kitampa joto. Yeye hatengenezi joto lake mwenyewe kama kuku au mbuzi.

Kalisi na fosforasi

Kasoro kubwa ya wadudu kama chakula ni uhaba wa kalisi (kalsiamu). Mdudu hana mifupa. Ganda lake limejengwa kwa kitini na protini, tofauti na ganda la konokono lenye chokaa. Chura mwituni hula mawindo ya aina nyingi, wakiwemo konokono wadogo, jongoo wachanga na wadudu wenye udongo tumboni, hivyo hupata madini kutoka huku na huku. Chura wa kwenye kasha hupata aina moja au mbili tu za wadudu maisha yake yote.

Inashauriwa kwamba katika chakula cha mnyama mwenye mifupa kalisi iwe walau sawa na fosforasi, na kwa kawaida zaidi kidogo, kama 1.5 au 2 kwa 1. Wadudu wengi wa kufugwa wako kinyume chake. Nyenje mzima ana fosforasi takriban mara 7 ya kalisi yake. Funza wa unga ana zaidi ya mara 15. Fosforasi ikizidi na kalisi ikipungua, mwili wa chura huanza kuchota kalisi kutoka katika mifupa yake. Matokeo yake ni ugonjwa unaofanana na matege ya watoto: taya la chini hulegea, miguu hupinda, uti wa mgongo huwa na kibyongo, na hatimaye chura hushindwa kuruka au hutetemeka misuli. Mifupa iliyopinda hainyooki tena hata chakula kikirekebishwa. Kwa sababu ugonjwa huchukua wiki nyingi kujitokeza, mfugaji asiyejua husema chura wake alikuwa mzima hadi jana.

Kuna njia mbili za kurekebisha upungufu huo, nazo hutumiwa pamoja. Ya kwanza ni kumlisha mdudu kabla hajaliwa. Nyenje hupewa kwa siku 1 au 2 chakula chenye kalisi nyingi, ili tumbo lake lijae wakati anapomezwa. Chakula cha namna hiyo hakifai kuwa chakula chake cha kudumu, maana nyenje wenyewe hufa wakikaa nacho muda mrefu. Mboga zinazotolewa pamoja nacho zichaguliwe pia. Mchicha na spinachi, ambazo ndizo za kwanza kufikiriwa, zina oksalati nyingi inayoifunga kalisi isitumike mwilini. Sukuma wiki ni bora zaidi, pamoja na vipande vya karoti au boga. Majimaji ya mboga hizo humtosha mdudu kwa kiu, na hivyo hakuna haja ya chombo cha maji, ambacho nyenje huzama ndani yake kwa wingi.

Njia ya pili ni kuwapaka wadudu unga laini wa kalisi kabonati muda mfupi kabla ya kuwatoa. Wadudu hutiwa ndani ya mfuko au kopo lenye unga kidogo, likatikiswa taratibu mpaka wawe weupe. Penye uhaba wa unga wa dukani, maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa, kusagwa na kuchekechwa kwa kitambaa hutoa kalisi kabonati ileile. Unga wa chengachenga haushiki juu ya mdudu. Hata ule mzuri hudumu kwa muda mfupi, kwa kuwa nyenje hujisafisha upesi kwa miguu yake. Wadudu waliopakwa asubuhi na kuliwa usiku wamekwisha kuwa wadudu wa kawaida, kwa hiyo hutolewa saa ile chura anapowinda.

Kalisi haifyonzwi vizuri bila vitamini D3. Unga wa maganda ya mayai hauna vitamini hiyo. Ya dukani mara nyingi huchanganywa nayo. Wafugaji wengine hutumia taa zinazotoa mionzi ya urujuanimno. Kuliweka kasha la kioo juani si mbadala: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayohitajika, ilhali joto la ndani hupanda haraka likamwua chura kabla ya adhuhuri.

Vitamini A

Katika miaka ya karibuni upungufu wa vitamini A umetambuliwa kuwa tatizo la pili kwa uzito. Ulielezwa kwanza kwa chura wa Wyoming (Anaxyrus baxteri) wa Marekani, spishi iliyokuwa ikiendelezwa katika vituo vya uzalishaji. Vyura walianza kukosa mawindo kwa sababu ulimi wao haukunata tena. Uchunguzi ulionyesha kwamba utando wa ndani ya kinywa, ambao kwa kawaida hutoa ute, ulikuwa umebadilika na kuwa ngozi kavu. Kwa mbali chura huyo huonekana kama mwenye ulimi mfupi: hurusha ulimi, humgusa nyenje, na nyenje huenda zake.

Wadudu wa kufugwa wana vitamini A kidogo mno. Karotini ya karoti na boga ina manufaa mengine, ikiwemo rangi ya ngozi, lakini vyura wengi hawaonekani kuweza kuigeuza kuwa vitamini A ya kutosha. Kwa hiyo hutumika unga wa vitamini wenye retinoli yenyewe, mara moja kwa wiki au mbili, ukitofautishwa na unga wa kalisi unaotumika karibu kila mlo. Kuzidisha nako kuna madhara. Vitamini A na D hukaa katika mafuta ya mwili, hazitoki kwa mkojo.

Aina zinazotumika

Nyenje, ambao mahali pengine huitwa pia chenene, ndio chakula kikuu cha vyura wanaofugwa duniani, hasa nyenje wa nyumbani (Acheta domesticus). Hutaga katika mchanga au udongo wenye unyevu, mayai huanguliwa baada ya wiki 2 hivi kwenye joto la kutosha, na watoto wao wenye urefu wa milimita 2 hivi hufaa kwa vyura wadogo. Hukaa vizuri kwenye ndoo yenye trei za mayai za karatasi. Ubaya wao ni kelele, kulana wenyewe kwa wenyewe na, zaidi ya yote, tabia ya kuguguna ngozi ya chura aliyelala ikiwa wamebaki ndani ya kasha bila chakula. Kuanzia miaka ya 2000 virusi vya densovirusi viliangamiza mashamba mengi ya nyenje huko Ulaya, na karibu na 2010 Amerika ya Kaskazini. Virusi hivyo huua nyenje wa nyumbani; wafugaji wengi walihamia spishi nyingine kama Gryllodes sigillatus. Nchini Kenya spishi ya kienyeji ambayo tayari ilikuwa ikifugwa ilipewa jina la kisayansi mwaka 2018, Scapsipedus icipe, kwa heshima ya kituo cha utafiti wa wadudu icipe cha Nairobi.

Nzi wa matunda ni chakula cha vyura wadogo kabisa. Hutumika Drosophila melanogaster, mwenye milimita 2 hivi, na Drosophila hydei aliye mkubwa kidogo. Wanaofugwa kwa kazi hii ni wa ukoo usioweza kuruka, kwa sababu ya mabadiliko ya kijeni ya aina zilizochunguzwa tangu siku za Thomas Hunt Morgan katika Chuo Kikuu cha Columbia. Huzaliana katika chupa yenye uji mzito wa ndizi au viazi na hamira kidogo, ikafungwa kwa kitambaa. Kwenye nyuzi 25 za sentigredi kizazi kipya cha spishi ndogo hutoka katika siku 10 hadi 14. Ukoo wenye mabawa mafupi una tatizo lake katika nchi za joto: wakilelewa kwenye joto kali, mabawa huota marefu zaidi, na mfugaji hujikuta na chumba kilichojaa nzi. Chupa zikikaa muda mrefu huingiwa na utitiri, kwa hiyo huanzishwa mpya kabla zile za zamani hazijachakaa.

Wadogo zaidi ya hao ni mkia-fyatuo, viumbe wenye miguu sita waishio kwenye udongo wenye unyevu na majani yanayooza, ambao huruka kwa kufyatua kiungo kilichokunjwa chini ya tumbo. Hufugwa juu ya makaa yaliyoloweshwa, wakipewa hamira au punje chache za wali. Wana faida ya kula ukungu ndani ya kasha la chura, hivyo wasipoliwa leo hawaharibu kitu.

Funza wa unga ni buu wa mbawakawa Tenebrio molitor. Hufugwa kirahisi mno katika pumba za ngano, na hapo ndipo matatizo huanzia, kwa kuwa mfugaji mvivu hulisha hao tu. Wana mafuta karibu mara mbili ya nyenje, kalisi kidogo na ganda gumu. Wale waliotoka kujivua ngozi, ambao ni weupe na laini, ni bora. Imeenea hadithi kwamba funza huyu hutoboa tumbo la chura na kutoka nje. Haina msingi, asidi na ukosefu wa hewa humwua upesi. Buu wa nondo wa nta (Galleria mellonella), anayejulikana na wafuga nyuki kama mharibifu wa masega, ana mafuta mengi kuliko hata funza wa unga, kiasi cha robo ya uzito wake. Anafaa kumpa nguvu chura aliyedhoofika, si kumlisha daima.

Buu wa nzi chuma (Hermetia illucens) ni wa pekee miongoni mwa wadudu wa kulishia, kwa sababu ana kalisi nyingi kuliko fosforasi. Hata hivyo kalisi hiyo iko katika ngozi yake ngumu. Uchunguzi uliofanywa kwa chura mkubwa wa visiwa vya Karibi, Leptodactylus fallax, ulionyesha kwamba buu wakimezwa wazima sehemu kubwa ya madini hupita tu bila kufyonzwa. Wakipondwa kwanza hufyonzwa zaidi. Katika Afrika Mashariki buu hawa hupatikana kwa wafugaji wa kuku na samaki. Anayewanunua anapaswa kuuliza walilelewa kwa taka gani, maana buu wa nzi chuma hukusanya mwilini metali nzito kama kadmi iliyomo katika chakula chao. Waliolelewa kwa mabaki ya matunda na nafaka hawana shaka kubwa. Waliolelewa kwa taka za mchanganyiko za jiji hawafai.

Nyungunyungu si mdudu, lakini kwa vyura wakubwa ni chakula bora kuliko karibu wadudu wote, kwa kuwa ana kalisi ya kuridhisha na hana ganda. Wale wadogo wekundu wa kwenye mboji hutoa majimaji machungu, na vyura wengi huwatema. Mende wa kufugwa (Blaptica dubia), nzige na viwavi wa nondo-hariri hutumika pia mahali wanapopatikana.

Wadudu wa kuepukwa

Mwituni chura hujifunza kwa kutema. Katika kasha hana nafasi ya kuchagua, naye hurushia ulimi chochote kinachosogea.

Vimulimuli ni miongoni mwa wadudu wenye hatari kubwa kwa wanyama wa kufugwa. Baadhi ya vimulimuli wa Amerika wa jenasi Photinus wana steroidi za sumu ziitwazo lusibufajini, zinazodhuru moyo, na imeandikwa kisa cha mijusi wa kufugwa waliokufa baada ya kula kimulimuli mmoja tu. Jina la sumu hiyo limeunganishwa kutoka Kilatini cha nuru na cha chura, kwa sababu kemikali zake zinafanana na zile za tezi za vyura wenyewe. Ufanano huo haumaanishi kwamba vyura wa spishi zote wana kinga.

Mbawakawa wa familia ya Meloidae, ambao humtoa mtu malengelenge, wana kantaridini. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefahamika Kenya kwa jina la Nairobi flai (jenasi Paederus) ana pederini, na huja kwenye taa za nyumba pamoja na kumbikumbi wakati wa mvua. Anayekusanya wadudu chini ya taa humchanganya na wengine kwa urahisi. Panzi wenye rangi kali, nyekundu, njano au buluu pamoja na nyeusi, waachwe: wengi wao, kama wale wa jenasi Phymateus na Zonocerus, huhifadhi sumu za mimea wanayokula au hutoa povu linalonuka. Viwavi wenye nywele huwasha utando wa kinywa. Nyuki, nyigu, tandu na nge hawahitaji maelezo.

Siafu na sisimizi wanahitaji neno zaidi, kwa kuwa vyura wengi mwituni hula sisimizi. Vyura-mshale wa Amerika ya Kati na Kusini hupata alkaloidi za ngozi yao kutokana na sisimizi na utitiri wanaokula, jambo lililochunguzwa kwa miaka mingi na mwanakemia John Daly. Wakizaliwa utumwani na kulishwa nzi wa matunda na nyenje hawana sumu kabisa. Lakini siafu wakitiwa ndani ya kasha humshambulia chura kwa pamoja, naye hana pa kukimbilia.

Lipo hata kundi ambalo mawindo humla mwindaji. Mabuu wa mbawakawa wa jenasi Epomis huchezesha vipapasio na taya zao ili kumvutia chura. Chura anaporusha ulimi, buu hukwepa na kumng'ata kooni au tumboni, kisha humnyonya na kumla. Katika majaribio yaliyofanywa Israeli karibu kila mara buu ndiye aliyeshinda, na waliomezwa kwanza walitapikwa wakiwa hai. Mbawakawa mwingine wa majini huko Japani, Regimbartia attenuata, hupita ndani ya utumbo wa chura na kutoka nyuma akiwa mzima, pengine baada ya dakika chache tu. Huyo hana madhara, ila hana lishe.

Sumu za nyumbani na shambani

Kwa mfugaji wa kawaida, sumu za binadamu ni hatari kuliko za wadudu. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hupuliziwa dawa za mende na mbu, na katika maeneo ya malaria kuta hupakwa dawa inayokaa kwa miezi. Mdudu aliyepita juu ya ukuta kama huo hafi papo hapo. Mende anayetembea polepole au kulala chali akitikisa miguu ndiye mwepesi kukamatwa, na ndiye asiyefaa kabisa. Mdudu wa kukamatwa anapaswa kuwa mgumu kukamata.

Vivyo hivyo kwa panzi wa mashamba ya pamba, mahindi au mboga yaliyonyunyiziwa viuawadudu, na kwa nzi wa machinjioni na vyooni, wenye bakteria na mayai ya minyoo. Mahali panapokubalika ni nyasi zisizolimwa, mbali na barabara na mashamba. Ni vizuri wadudu hao wakae siku 1 au 2 katika chombo safi. Wakifa wengi bila sababu, hawatumiki. Chombo kisichukuliwe kwenye madimbwi wanamoishi vyura wa mwituni, wala maji na tope lake lisiletwe, kwa sababu kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis, iliyoua vyura wengi katika mabara kadhaa, husafiri kwa maji na vitu vyenye unyevu.

Chura wa Kihansi

Chura wa Kihansi (Nectophrynoides asperginis) aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, kwenye eneo la takriban hekta 2 lililokuwa likiloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya maji. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, mtiririko katika korongo ulipungua kwa karibu asilimia 90. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Marekani. Wale wa korongoni walitoweka katika miaka iliyofuata, huku kuvu iliyotajwa hapo juu ikigunduliwa miongoni mwao, na mwaka 2009 IUCN ilitangaza kwamba spishi hii haipo tena mwituni.

Kumlisha mnyama huyu hakukuwa rahisi. Jike mzima hafiki sentimita 3. Tofauti na vyura wengi, hazai mayai wala viluwiluwi bali watoto walio vyura kamili, wenye urefu wa milimita 5 hivi, wafupi kuliko punje ya mchele. Nyenje wa kawaida wa dukani angeweza kuwa mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Walihitajika mkia-fyatuo, nzi wa matunda na nyenje walioanguliwa siku hizohizo, kila siku, bila kukatika, pamoja na madini na vitamini kwa vipimo vya mnyama mwenye uzito mdogo kuliko sarafu. Katika miaka ya mwanzo wengi walikufa, na kati ya bustani kadhaa zilizowapokea ni zile za Bronx na Toledo tu zilizofaulu kuwaendeleza.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, katika kituo kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watunzaji waliopata mafunzo Marekani. Mwaka 2012 walianza kuachiliwa tena korongoni, ambako manyunyu ya bandia yalikuwa yamewekwa. Kituo cha namna hii kwa kweli ni mashamba mawili, moja la vyura na moja la wadudu. La wadudu likisimama kwa wiki moja, kwa umeme kukatika au utitiri kuingia katika chupa, watoto wa vyura hawana akiba mwilini ya kungojea.

Mabaki na usafi

Wadudu wasioliwa huondolewa kabla ya usiku kwisha, isipokuwa mkia-fyatuo. Wafugaji wengine huacha kipande cha karoti ndani ya kasha ili nyenje aliyesahaulika ale hicho badala ya ngozi ya chura. Bakuli laini lenye kingo za utelezi huwazuia funza wa unga wasijichimbie udongoni, ambako hugeuka mbawakawa.

Wadudu wa kigeni waliozidi hawaachiliwi nje. Hugandishwa au hutiwa katika maji ya moto kwanza, ndipo hutupwa au hupewa kuku. Mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kushika vyura, wadudu au maji ya kasha, kwa sababu ya salmonela. Kati ya 2009 na 2011 mlipuko uliohusishwa na vyura wadogo wa majini wa kufugwa uliwapata zaidi ya watu 200 nchini Marekani, wengi wao watoto. Kasha halioshwi kwenye sinki la jikoni.